Kisima cha Ruma na Vitabu vya Watoto Wetu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya Jumuiya)





Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya elimu katika siku hii ya furaha. Elimu ni bahari, nami sina chombo cha kuivuka kwa muda niliopewa. Basi nitachota jambo moja tu, nalo ni kitabu. Wala si kila kitabu, bali kitabu cha kusomea cha mwanafunzi wa chuo kikuu, kile ambacho baba hukijua kwa bei yake kabla hajakijua kwa jina lake.

Mwaka uliopita alinijia binti wa jirani yangu hapa Biryogo, anayesoma hesabu za takwimu. Mkononi alikuwa na kitabu kilichotolewa nakala kwa mashine katika kibanda cha fotokopi. Kitabu chenyewe dukani kilikuwa ghali kuliko kodi ya mwezi ya nyumba yao. Katika ile nakala kurasa kumi na kitu hazikuwemo, na nyingine zilikuwa zimefifia hata hazisomeki. Kwa kuwa nalifundisha hesabu miaka mingi, aliniomba nimfundishe yale yaliyopotea. Nikamfundisha. Tulipokuwa tunafunga daftari akaniuliza swali nisilolitazamia: "Mwalimu, hivi kitabu hiki kwangu ni halali, au nimekiiba?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kwa mmoja wa masheikh wetu, naye akanieleza kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Kuwait wa Desemba 1988, iliamua kuwa haki ya mtunzi juu ya kitabu chake ni haki inayotambuliwa na sharia, ina thamani ya mali, na haifai kuivamia. Penye dharura, akasema, wanazuoni wana maneno yao. Walakini dharura ni mlango wa kupitia siku ya moto, si mlango wa kutokea kila asubuhi.

Nalirudi nyumbani moyo ukiwa mzito. Maana ndugu zangu, tuseme kweli: ni nani katika sisi aliyepata kumwuliza mwanawe swali lile? Tunafurahi kusikia kwamba kitabu kimepatikana kwa bei ya karatasi, nasi hatuulizi zaidi. Na kumlaumu mwenye kibanda ni uonevu, kwani yeye ananakili anacholetewa. Mtoto ana njia tatu: anunue kile ambacho baba yake hana uwezo nacho, anakili kisicho chake, au aketi darasani mikono mitupu. Nalifikiri njia ya nne haipo.

Ipo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha, tena kwa simu yake.

Walikuwako Marekani, katika jimbo la California, waalimu wawili wanawake wa chuo cha De Anza, majina yao Barbara Illowsky na Susan Dean. Waliandika kitabu cha takwimu kwa ajili ya wanafunzi wao wenyewe, wakakifundishia na kukisahihisha. Haki za kitabu kile zilikuwa ni mali kama mali nyingine, za kuuzwa na kununuliwa. Mwaka 2008 Maxfield Foundation, ambayo ni taasisi ya kutoa misaada, ilizinunua haki zile, na baada ya kuzinunua haikukaa nazo: ilizitoa, ili kila mtu akisome kitabu na kukinakili bila ya kulipa. Kikawekwa katika hazina ya masomo iitwayo Connexions, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Richard Baraniuk, profesa wa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston. Kutoka hazina hiyo kilizaliwa chombo kiitwacho OpenStax, ambacho tangu 2012 hutoa vitabu kamili vya mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo kikuu, vikiandikwa na maprofesa na kukaguliwa na maprofesa wenzao. Kitabu cha wale waalimu wawili kilitolewa upya huko mwaka 2013 kwa jina la Introductory Statistics.

Mtu yeyote aliyekaa darasani akasomeshwa sira ataniambia kwamba khabari hii amekwisha kuisikia. Waislamu walipohamia Madina maji matamu yalikuwa katika kisima cha Ruma, na mwenyewe alikuwa akiuza maji yake. Mwenye fedha alikunywa, asiye nayo alihangaika. Mtume, rehema na amani zimshukie, akahimiza kinunuliwe, na Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Allah ziwe juu yake, akakinunua kwa mali yake na kukifanya cha watu wote. Tazameni alivyofanya: hakumnyang'anya mwenyewe, wala hakuwaambia masikini wachote usiku kwa siri. Alilipa thamani, kisha akaondoa bei.

Sasa yatupasa tufahamu vizuri ni kitu gani kilichotolewa na waungwana wale wa California, maana hapa wengi hukosea. Hawakutoa karatasi. Walitoa ruhusa. Sheria za dunia husema kwamba mtu akiandika ukurasa, papo hapo haki ya kuunakili ni yake peke yake, hata asipoomba. Anayetaka wengine wanakili lazima aseme hivyo wazi wazi. Kwa ajili hiyo kilianzishwa Marekani mwaka 2001 chama kiitwacho Creative Commons, nacho Desemba 2002 kilitoa leseni zake za kwanza, yaani maandiko ya ruhusa yaliyotungwa na wanasheria, ambayo mtunzi huyaweka mbele ya kitabu chake. Akishayaweka, aliyekipokea kitabu kwa ruhusa ile hawezi kunyang'anywa, maadam anashika masharti.

Sote tumefungua msahafu msikitini tukaona umeandikwa neno wakfu ukurasa wa mbele, tukajua hauuzwi. Leseni hii hufanana na neno lile. Sisemi kuwa ni wakfu kwa hukumu ya sharia. Hilo nawaachia wenyewe walioketi hapa mbele. Na tofauti moja naiona hata mimi: msahafu wa wakfu ni huu mmoja, ukichanika umechanika, bali ruhusa ile hufuata maneno popote yaendapo, kwa nakala moja au elfu. Lakini katika jambo moja zinafanana kabisa, nalo ni hili, kwamba sharti la mtoaji huheshimiwa.

Na masharti hayo si mamoja. Kitabu kile cha takwimu cha mwaka 2013 kina sharti jepesi kuliko yote: mtaje mtunzi, useme ulichobadilisha, kisha nakili, chapa, fasiri, hata uza ukitaka. Vitabu vingine huongeza sharti kwamba usifanyie biashara. Vingine husema kwamba ukibadilisha, kazi yako nayo uitoe kwa ruhusa ile ile. Na viko vinavyokataza kubadilishwa. Hivyo waweza kuvinakili, lakini huwezi kueneza tafsiri yake. Nawasihi vijana muusome ukurasa wa mbele kabla ya kwenda kwa mchapaji. Kitabu kusomwa bure katika intaneti si dalili kwamba kimeruhusiwa. Wizi nao hupatikana bure.

Nilipowaeleza haya wazee wawili watatu barazani, mmoja aliniuliza, "Na hawa Wazungu wanataka nini kwetu?" Swali lake si la kudharauliwa, kwa yaliyotupata katika bara hili. Jawabu ni kwamba vitabu hivi havikutokea bure, viko tu kwa mwenye kusoma bila ya malipo. Maprofesa walilipwa jasho lao, na fedha ilitoka katika taasisi kubwa za kutoa misaada, kama ile ya Hewlett na ile ya Gates. Huko Marekani kwenyewe bei ya vitabu vya chuo ilikuwa imekuwa mzigo kwa wazazi, nao walitafuta dawa kwa ajili ya watoto wao. Sisi tumefikiwa na maji kwa kuwa kisima hakikuwekewa ukuta.

Wala si Wazungu peke yao. Mwaka 2002 wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town walianza kuandika vitabu vya sayansi vya shule za sekondari na kuvitoa kwa ruhusa kama hii. Kazi ile ikakua ikaitwa Siyavula, na mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapa na kugawa mashuleni zaidi ya nakala milioni 2 za vitabu vya hesabu na sayansi. Na karibu nasi zaidi, Nairobi, taasisi iliyojulikana kwa jina la African Virtual University iliwakusanya waalimu wa vyuo vikuu vya nchi kadha za Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwamo. Waliandika masomo 73 ya hesabu, fizikia, kemia, biolojia, kompyuta na ualimu, na yakatolewa wazi katika lugha tatu.

Lugha tatu hizo ni Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Hapa ndipo nilipokuwa nikitaka kufika. Katika nchi yetu wazee tulisoma Kifaransa. Tangu uamuzi wa mwaka 2008 watoto wetu wamesoma kwa Kiingereza. Mwaka 2017 Kiswahili kikawekewa sheria kuwa lugha rasmi, nacho ndicho kilichokuwa lugha yetu ya nyumbani na ya madrasa hapa Biryogo na Nyamirambo kabla ya sheria yoyote. Mtoto anaingia chuo kikuu na hesabu ngumu, mlangoni anakutana kwanza na Kiingereza. Kitabu kile cha takwimu nacho kina maili na pauni na dola, na mifano ya michezo ambayo sijapata kuiona kwa macho yangu. Ruhusa ya kukifasiri imekwisha kutolewa, wala hatuna wa kumwandikia barua. Imekuwako miaka yote hii, na katika mtaa huu hapana aliyeigusa.

Basi mimi na yule binti tuliijaribu. Kwanza nalimpa sura ya kwanza imechapwa, yenye jina la watunzi mbele, nikamwambia hiki ni halali kwako kama maji ya mvua. Kisha tukaanza kuifasiri. Tulipochungulia sura ya pili, penye hesabu ya katikati, ile inayopatikana kwa kupanga hesabu zote kwa safu na kuichukua iliyo katikati, tulibishana siku mbili juu ya jina lake. Mama yake, anayeuza vitenge sokoni, akatusikiliza akicheka, akasema, "Mimi bei ya mchana huipata hivyo hivyo, ya juu kabisa siishiki, ya chini kabisa siishiki, naangalia ya katikati." Tukaandika namba ya katikati, na mfano wa kitabu tukauondoa, tukaweka vitenge. Ruhusa inaturuhusu.

Sikusudii kwamba Kiswahili kichukue mahali pa Kiingereza katika mtihani. Mtihani ni wa Kiingereza na mtoto lazima akijue. Nakusudia awe na vitabu viwili ubavuni, afahamu kwa kimoja na ajibu kwa kingine. Na waandishi wetu wenyewe wasiogope, maana hakuna anayelazimishwa kutoa alichokiandika. Anayetaka kuuza auze, nasi tununue kwa haki.

Kitabu kina sura 13. Moja imekwisha, imesahihishwa na mwalimu wa Kiswahili, nayo ipo pale mezani karibu na mlango, nakala 20. Mwenye mtoto chuoni achukue. Kwa 12 zilizobaki naiomba Halmashauri mambo matatu: chumba cha nyuma ya madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, mashine ya kuchapa pamoja na karatasi zake kutoka katika salio la sanduku la sherehe hii, na ruhusa ya kuandika jina la Jumuiya chini ya majina ya watunzi, kwa herufi ndogo. Nahitaji pia watu wawili wanaojua hesabu na mmoja anayejua Kiswahili cha kuandika, si cha kusema tu. Sura ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na ina michoro mingi ambayo macho yangu hayaiwezi tena. Tutaiendeleza Jumamosi hii, inshallah, hata tukiwa wawili.