Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kazi Inayobaki Madaktari Wakiondoka

Hotuba ya afisa wa mifupa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, machifu na wazazi kabla ya kambi ya upasuaji



Mmeniomba niwaeleze kuhusu madaktari wa kujitolea wanaotoka ng'ambo kuja kufanya upasuaji wa mifupa. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nitazungumza zaidi juu ya huyo mwenyeji, kwa sababu mgeni huanzisha uponyaji tu, haumalizi.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi ilipokea timu ya wageni kwa wiki moja. Kijana mmoja wa bodaboda aliyevunjika paja aliwekewa chuma ndani ya mfupa, na upasuaji ukaenda vizuri. Wageni walisafiri Jumamosi, naye akaruhusiwa Jumatatu. Mimi ndiye niliyejaza karatasi yake ya kwenda nyumbani. Sikuandika tarehe ya kurudi wala namba ya kupiga simu. Wiki ya pili kidonda kikaanza kutoa maji, naye akakaa nacho mwezi mzima. Alipoletwa, usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Nikamuuliza mbona hakuja mapema. Akanijibu, "Daktari, walionipasua walishaenda kwao. Ningemrudia nani?"

Alipasuliwa tena mara mbili, na hadi leo anachechemea.

Ndugu zangu, upasuaji ni kazi ya saa chache. Mfupa wa paja wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu hadi sita kushikana. Miezi hiyo yote ni yetu sisi.

Wageni wenyewe wamelijua hilo zamani. Daktari wa mifupa Mmarekani, Scott Harrison, alikwenda Malawi mwaka 1986 kufanya upasuaji na kufundisha. Aliona kwamba ziara peke yake haitoshi kwa watoto wenye ulemavu. Juhudi zake zilizaa hospitali ya kudumu ya watoto hapa kwetu Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998. Mwenzake, Lewis Zirkle, alikuwa akirudi Vietnam kufundisha, akakuta madaktari wenye ujuzi lakini wasio na vyuma vya kufanyia kazi. Mwaka 1999 alianzisha shirika la SIGN, linalotoa chuma cha mfupa kinachoweza kufungwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Madaktari wenyeji hukiweka wenyewe, kisha hutuma picha za wagonjwa wao kwa mtandao ili washauriane.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la daktari mgeni ni kufundisha. Kila mgonjwa apasuliwe daktari wetu akiwa mezani, kwa kuwa huyo ndiye atakayebaki naye.

Sasa nyinyi wahamasishaji, nawaomba mambo haya.

Kabla ya kambi, andikeni jina la mgonjwa, simu yake na simu ya jirani. Aje na picha zake zote za eksirei, hata za zamani, na dawa anazomeza. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aseme mapema. Mwambieni ukweli kwamba si kila anayekuja atapasuliwa. Wengine watapewa plasta, magongo au mazoezi, na hayo pia ni matibabu.

Baada ya upasuaji, mtembeleeni nyumbani. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, arudishwe siku hiyo hiyo, hata usiku. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa. Plasta isiloweshwe wala kukatwa nyumbani. Mguu usikandwe wala kuvutwa na mtu yeyote. Na mazoezi aliyofundishwa ayafanye kila siku, hata kama yanauma kidogo.

Kwenu wazazi, kuna ugonjwa mmoja usiongojea mgeni. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda kwa ndani, mleteni katika wiki za kwanza. Njia ya daktari Ponseti huunyoosha taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo tu mshipa wa kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi afikie takriban miaka minne. Mkiviacha viatu kwa kuwa mguu umeshanyooka, utapinda tena. Mtoto huyo hakulogwa, na mama yake hana kosa.

Nami nina ahadi. Katika kambi hii hakuna mgonjwa atakayeruhusiwa bila kadi yenye tarehe ya kurudi, jina la daktari wetu na namba ya simu. Akikosa kadi, msimpeleke nyumbani. Mrudisheni kwangu niiandike.

Wageni wakishapanda ndege, mgonjwa wenu akiulizwa atamrudia nani, awe na jina la kutaja.