Hazina Ni Jiwe Lenyewe

Ukipita Mikindani jioni hukosi kuwakuta wazee kwenye bao, mashimo 32, kete 64. Ubao ukioza, fundi huchonga mwingine. Lakini lipo bao ambalo likiharibika hakuna fundi wa kulirudisha. Liko Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Kenya, nalo limechongwa juu ya mwamba: safu za vishimo, kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mary Leakey alianza kupachimba mahali hapo mwaka 1937, na mwaka 1943 pakawekwa chini ya ulinzi wa serikali.

Nasi Tanzania tunayo sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro na michongo ya mwambani iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863.

Lakini ndugu zangu, sheria haina macho. Tazameni Kondoa. Huko kuna michoro ya rangi kwenye mapango zaidi ya 150, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo watu wamechimba chini ya miamba hiyo wakitafuta dhahabu ambayo eti Mjerumani aliifukia alipokuwa akikimbia vita.

Hadithi hiyo si ngeni kwetu watu wa Ruvuma. Jeshi la Von Lettow-Vorbeck lilivuka mto wetu Novemba 1917 likaingia Msumbiji. Nawauliza: jeshi lililokuwa likikosa chakula, dawa na risasi, lingehangaika na masanduku ya dhahabu?

Hasara yake ni kubwa. Mchoro peke yake hausemi umri wake. Udongo ulio chini yake, wenye makaa, mifupa na vipande vya rangi, ndio kalenda ya mtaalamu. Ukiuvuruga kwa sururu, umeichana kalenda hiyo, na hakuna atakayeiunganisha tena.

Sisi wa pwani majengo yetu ni ya mawe ya matumbawe. Lakini panda Masasi uone milima ya mawe. Mawe hayo hupasuliwa kokoto, na kokoto hujenga nyumba, sipingi. Ninachoomba ni kimoja: kabla ya nyundo, lizunguke jiwe ulitazame. Ukiona vishimo vilivyopangwa, mistari au rangi, liache. Usilimwagie maji ili mchoro ung'ae, wala usiufuatishe kwa chaki au mkaa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye amwarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Mlinzi wa kwanza wa jiwe si askari wa Dodoma wala mtaalamu wa Dar es Salaam. Ni yule anayelima kando yake. Akijua thamani yake, litadumu. Asipojua, tutawauzia wajukuu wetu kokoto za historia yao.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.