Dawa kwa Virusi, Mwendo kwa Mishipa



Rafiki yangu mmoja hapa London, mzaliwa wa Tanga, ameishi na virusi vya HIV kwa zaidi ya miaka ishirini. Dawa hameza kila siku bila kukosa, na vipimo vyaonyesha kuwa virusi havigunduliki tena katika damu yake. Hata hivyo, mwaka jana alipatwa na kiharusi chepesi. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza: "Kaka, kama virusi nimevidhibiti, hiki nacho kimetoka wapi?"

Jibu la swali hilo limo ndani ya mishipa ya damu. Kila mshipa umetandikwa kwa ndani utando mwembamba, wenye unene wa seli moja tu. Utando huo ndio utoao gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huufanya mshipa ulegee na kupanuka damu ipite kwa wepesi. Ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo uliwapatia wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Sasa, dawa huvizuia virusi kuzaliana, lakini haviondoki kabisa. Hujificha ndani ya seli. Kinga ya mwili nayo haipumziki, hukaa macho kama mlinzi anayeshuku kila kivuli. Hali hiyo ya uvimbe wa chinichini huudhuru utando, mafuta yakapata pa kujishikiza, na mshipa ukawa mgumu na mwembamba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hatari ya maradhi ya moyo na mishipa kwa wanaoishi na HIV ni takriban mara mbili ya wenzao.

Asidhani mtu kwamba suluhisho ni kuacha dawa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao SMART ulidhihirisha mwaka 2006 kwamba waliokatiza dawa ndio waliopatwa zaidi na maradhi hayo, na hata na kifo.

Basi mazoezi yanaingia wapi? Unapotembea kwa haraka, kuendesha baiskeli, kuogelea au kucheza ngoma, moyo husukuma damu kwa kasi zaidi. Damu hiyo husugua utando wa mshipa, nao hujibu kwa kutoa naitriki oksaidi zaidi. Mazoezi yakiwa desturi, shinikizo la damu hushuka na sukari hutumika vyema zaidi. Tafiti zimeonyesha pia kuwa kwa wenye HIV ambao hali yao imetulia, mazoezi ya namna hii ni salama na huongeza nguvu za moyo na mapafu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na limewataja bayana wanaoishi na HIV. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini kuimba kukushinde. Anza na dakika kumi, uongeze kidogo kidogo. Mwenye maumivu ya kifua, au aliyewahi kuugua moyo au kiharusi, amwone daktari kwanza. Na avutaye sigara aiache, kwani moshi huo unauumiza utando ule ule.

Rafiki yangu, kwa ruhusa ya daktari wake, sasa hutembea nusu saa kando ya mfereji siku tano kwa wiki. Jumamosi huniita tufuatane. Mimi sina virusi, ila kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Tukifika darajani, yeye ndiye anayesimama kunisubiri.