Chungu Kisichokamilika: Filamu za Kujazia na Haki ya Kungoja



Mwaka 1953, katika karakana ya ufinyanzi huko Compton, Surrey, kusini mwa Uingereza, BBC ilipiga filamu fupi ya mikono ya mfinyanzi Georges Aubertin ikifinyanga udongo juu ya gurudumu. Donge linazunguka, vidole gumba vinazama katikati yake, kuta zinainuka na kutanuka kama bakuli, kisha viganja vinazibana tena, na kilichokuwa bakuli kinaota shingo. Mtazamaji anangoja chungu kikamilike, wala hakikamiliki. Filamu hiyo haikuwa kipindi. Kazi yake ilikuwa kuziba pengo kati ya kipindi na kipindi, sawa na nyingine za paka mdogo anayechezea uzi, samaki wanaoelea, na farasi wanaokokota jembe. Hata hivyo, Waingereza waliokua na televisheni ile huitaja kwa mapenzi ambayo tamthilia nyingi za miaka hiyo hazijayapata. Mapenzi hayo yanahitaji maelezo.

Ninachokitetea leo ni kwamba kinachotamaniwa hapa ni mapatano kuhusu muda kati ya kituo na watu wake, kuliko picha zenyewe. Kituo kilikiri mbele ya wote kwamba kwa dakika hizi hakina cha kuonyesha, na kwa kukiri hivyo kikayaacha huru macho ya watu. Tukitazama jinsi kazi ilivyofanyika tutaona kwa nini. Tamthilia zilichezwa moja kwa moja studioni. Ile ya Jumapili ikitakiwa kurudiwa Alhamisi, waigizaji walirudi wakaigiza upya. Mandhari ilibidi ihamishwe, mavazi yabadilishwe, kamera iliyogoma ishughulikiwe, na kipindi kingine kiliisha mapema kuliko ratiba. Tangazo la biashara halikuwepo la kuziba nafasi, maana BBC iliishi kwa ada ya leseni. Hata saa nzima ilikuwa tupu kwa makusudi: mpaka Februari 1957 televisheni ilinyamaza kuanzia saa 12 hadi saa 1 jioni, ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto. Katika mazingira hayo filamu ya kujazia ilipaswa kukatika sekunde yoyote bila kumdhulumu mtazamaji. Ndiyo sababu chungu hakimaliziki. Kingekuwa na mwisho, kukikata kabla yake kungekuwa kumpokonya mtu kitu; kwa kuwa hakina, aliyeinuka kwenda kuchemsha chai na aliyebaki kitini walikuwa sawa.

Nitapingwa kwa mfano wa filamu nyingine iliyopendwa vilevile, ile ya safari ya treni kutoka London hadi Brighton kwa dakika 4. Kamera iko mbele ya treni, safari ya kama saa moja imeharakishwa, madaraja na stesheni vinapita kasi kama upepo. Hiyo ina mwendo, ina mwanzo, na ina mwisho. Nakubali kwamba inaisumbua hoja yangu, lakini haiivunji. Mwisho wake ulijulikana tangu jina lake, na urefu wake pia. Hakuna fumbo lililomshika mtu mpaka Brighton. Ni kama kumwambia mgeni, "Chakula bado dakika 4," badala ya kumwacha akikodolea macho mlango wa jikoni.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Filamu hizi zilikuwa kwenye mkanda wa filamu, kwa hiyo zimebaki, huku vipindi vikubwa vikipotea hewani. Mwaka uleule wa 1953 BBC ilirusha tamthilia ya The Quatermass Experiment kwa sehemu 6, na leo zimebaki 2 tu. Je, hatupendi tu kile tulichobakiwa nacho? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini taarifa za habari zilizopigwa kwa filamu nazo zimebaki kwa wingi, na hazitajwi kwa sauti ile ya upole. Kubaki kunaeleza kwa nini tunaweza kuzitazama tena. Hakuelezi kwa nini mtu hutabasamu akizitazama. Wala sisemi kwamba zama zile zilikuwa njema. Mpaka mwaka 1955 kituo kilikuwa kimoja, na aliyechoshwa na gurudumu hakuwa na pa kuhamia. Ukiritimba huo siusifu. Ninachosifu ni adabu moja iliyozaliwa ndani yake, na adabu hiyo haikulazimika kufa pamoja nao.

Kuna watakaosema kwamba adabu hiyo imerudi. Mwaka 2009 shirika la NRK la Norway lilionyesha safari ya treni ya Bergen kwa zaidi ya saa 7, na watu wengi wakaitazama. Ni kazi nzuri, lakini ni kipindi: kina saa yake kwenye ratiba na kinawaita watu. Gurudumu la Compton halikumwita mtu yeyote.

Yaliyoondoa pengo lile ni mambo mawili yaliyokuja karibu pamoja. Mashine za kurekodi picha, ambazo kampuni ya Ampex ilizitoa mwaka 1956, zilianza kuwapunguzia waigizaji mbio za kubadili mavazi hewani. Kabla ya hapo, tarehe 22 Septemba 1955, kituo cha kibiashara cha ITV kilianza matangazo yake London, na tangazo lake la kwanza la biashara lilikuwa la dawa ya meno. Kuanzia jioni ile nafasi kati ya vipindi ikawa na bei. Sisi wa Tanzania Bara, ambao televisheni ilitufikia mwaka 1994 kwa mikono ya vituo binafsi, hatukuijua nafasi hiyo ikiwa tupu. Na kijana anayetazama tamthilia kwenye simu leo hii huona sehemu moja ikiisha, sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma kwenye kona ya kioo, na sehemu inayofuata ikianza kabla hajanyoosha mguu.