Neno Moja Chini ya Mti



Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na Kiswahili huyaunganisha. Hata hivyo, chini ya mwarobaini unaopunguzwa matawi kati ya nyumba zilizobanana, Kiswahili hicho hicho chaweza kuwapoteza watu. Aliye juu akipaza sauti, "Acha!", mshika kamba mmoja huelewa "simama", mwingine huelewa "achia kamba". Tawi huangukia bati la jirani, au mtoto apitaye.

Adabu nayo huweza kuwa kikwazo. Kijana aliyelelewa kutompazia mzee sauti hunyamaza aonapo hatari, na kimya hicho chaweza kuua.

Dawa ni kukubaliana kabla msumeno haujawashwa. Maneno manne yatosha: "simama", "kaza", "legeza", "shusha". Kila neno liwe na ishara yake ya mkono, kwa kuwa ngurumo ya msumeno humeza sauti. Asemaye "simama" atiiwe mara moja, awe kijana au mzee.

Mkazi aitaye wakataji awaombe wayataje maneno hayo kwanza. Wasipoafikiana, kazi isianze. Na tawi likigusa nyaya za umeme, TANESCO ijulishwe kwanza.