Baada ya Digrii ya Kwanza: Vijana Wetu wa Hisabati na Kazi ya Uhadhiri

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha hisani cha mwaka, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika 20 nizungumzie mfuko wetu wa elimu, na Katibu ameniomba nisiwasomee mahesabu kwa sababu Mweka Hazina atayasoma mwenyewe. Nitatii, ingawa si rahisi kumwambia mhasibu asisome mahesabu. Nina jambo moja tu. Kijana wetu anapomaliza digrii ya hisabati, takwimu au takwimu bima, tena kwa kufaulu sana, chama kinamfanyia nini? Kwa utaratibu wa sasa tunampigia makofi, tunampa cheti cha pongezi, kisha tunafunga jalada lake. Naomba jalada hilo tusilifunge haraka hivyo.

Zipo fani tatu ambazo kule nyumbani bado hazijazoeleka kwa majina. Utafiti wa uendeshaji ni hesabu za kupanga vitu vichache vitosheleze mahitaji mengi. Uchambuzi wa vihatarishi ni kupima uwezekano wa jambo baya kutokea na ukubwa wa hasara yake likitokea. Uhandisi wa fedha ni kuunda na kuthaminisha mikataba, kama bima au makubaliano ya bei ya baadaye, ili hasara isimwangukie mtu mmoja peke yake.

Majina ni mageni, lakini shughuli zenyewe tumekulia ndani yake. Chukueni ndiva. Maji yanaingia usiku, ndiva inajaa, asubuhi inafunguliwa, na familia zinapokezana. Sasa nani aanze, mwenye shamba la juu au la chini? Mwenye mahindi na mwenye maharage wapewe saa zilezile? Mfereji unavuja njiani, je, aliye mbali aongezewe muda? Na tope likijaa, tuite msaragambo kila mwaka au tusubiri miaka miwili? Wazee wetu waliyajibu maswali haya kwa vikao na kwa kumbukumbu ya vizazi. Mtaalamu wa utafiti wa uendeshaji anayachukua maswali hayohayo, anayaandika kwa milinganyo, na anaweza kujaribu ratiba 1,000 kwenye kompyuta kabla mtu hajashika jembe. Ndivyo inavyofanyika pia kwa mabasi mangapi yaanzie Kimara saa 12 asubuhi, au Bohari ya Dawa ipeleke dawa kiasi gani katika kila wilaya ili zisiishe na wala zisiharibikie stoo.

Fani hii ilipata jina lake Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipowekwa pamoja na maofisa wa jeshi la anga ili rada mpya itumike inavyopaswa. Vita ilipopamba moto, timu ya mwanafizikia Patrick Blackett iliulizwa swali kuhusu misafara ya meli za mizigo katika bahari ya Atlantiki: je, ni salama zaidi kusafiri katika misafara midogo mingi au mikubwa michache? Wengi waliona midogo ni salama. Hesabu zikaonyesha kinyume: idadi ya meli zilizozamishwa katika shambulio haikutegemea sana ukubwa wa msafara, kwa hiyo msafara mkubwa ulipoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Tena ulinzi wake ulikuwa nafuu. Mfugaji yeyote hapa anaijua sababu. Ukizidisha ng'ombe mara mbili, uzio wa zizi hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 1.4 tu. Meli za kivita zilikuwa uzio.

Baada ya vita fani ikahamia vyuoni. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alitoa njia ya kutafuta mpango ulio bora kati ya mipango isiyohesabika, na viwanda na mashirika ya ndege wanaitumia mpaka leo. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwa hesabu kwa nini mtu asiweke mtaji wake wote mahali pamoja, na namna ya kuugawa. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kuthaminisha haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa, bila ya mwenye haki kulazimika. Chuo Kikuu cha Princeton kiliweka mambo haya chini ya paa moja mwaka 1999, kikaunda idara ya utafiti wa uendeshaji na uhandisi wa fedha. Jirani zetu Kenya wana digrii ya kwanza ya uhandisi wa fedha, kwa mfano Strathmore pale Nairobi. Sisi tuna takwimu bima katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM.

Hiyo haki ya kusubiri isiwatishe. Mkulima wa tangawizi kule kwetu anayo. Tangawizi imekomaa, bei ni mbaya, anaweza kuing'oa leo au kuiacha ardhini akitazamia bei ipande. Kuiacha kuna faida, na kuna hatari ya kuoza au ya bei kushuka zaidi. Je, kusubiri mwezi mmoja kuna thamani ya shilingi ngapi kwa gunia? Ni swali la aina ileile ya akina Black na Scholes, na sijaona mtu aliyelikokotoa kwa ajili ya mkulima wetu.

Au bima ya mvua. Kenya walianza mpango wa Kilimo Salama mwaka 2009: mkulima analipwa kwa kufuata vipimo vya kituo cha hali ya hewa, bila mkaguzi kufika shambani. Ni wazo zuri na gharama yake ni ndogo. Lakini nyinyi mnajua kwamba mvua inaweza kunyesha milimani wiki nzima na kule chini tambarare, kilomita chache tu, vumbi likabaki vumbi. Kituo kikiwa upande mmoja na shamba upande mwingine, mkulima anaweza kuunguliwa na jua na kituo kikasema mvua ilitosha. Kulipima pengo hilo ni kazi ya uzamivu kabisa. Na mtoto aliyekua akipanda na kushuka mlima ule ataliona swali hilo kabla ya mtu aliyeko Princeton.

Sasa niseme kutoka kwenye meza yangu ya kazi. Sisi wahasibu kwa miaka mingi tumeandika yaliyokwisha kutokea. Tangu Januari 2018, kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 9 kinaitaka benki itenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, hata kama mkopaji hajachelewesha rejesho hata moja. Tangu Januari 2023, namba 17 imeleta mapinduzi ya aina hiyo kwenye bima. Hesabu hizo zinahitaji modeli, na modeli zinahitaji watu. Nimekaa kwenye vikao ambavyo aliyejenga modeli alikuja kwa ndege, akaeleza kwa siku mbili, akaondoka, na hakubaki hata mmoja wetu wa kuuliza swali la pili. Hizo ni fedha nyingi kulipa kwa kitu usichoweza kukihoji.

Na kukihoji ni lazima. Robert Merton na Scholes walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwaka uliofuata, mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management, ambao wote wawili walikuwa wabia wake, ulianguka kwa kishindo hadi benki kubwa zikachanga dola bilioni 3.6 kuuokoa. Sikuja hapa kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Nataka tuwe na watu wanaoijua dawa na madhara yake, na watu hao wanatengenezwa na wahadhiri. Ndiyo maana sizungumzii kazi ya benki. Mchambuzi mmoja benki anaitumikia benki moja, mhadhiri mmoja anatoa wachambuzi kila mwaka.

Ngazi yenyewe ikoje? Katika vyuo vikuu vya umma, mlango wa kwanza ni ukufunzi msaidizi, na unadai wastani wa 3.8 kati ya 5 katika digrii ya kwanza. Ili uwe mhadhiri msaidizi unahitaji shahada ya uzamili yenye wastani wa 4.0. Uhadhiri kamili unadai uzamivu. Baada ya hapo ni machapisho: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Wazazi, sikilizeni hiyo 3.8. Haipatikani mwaka wa tatu, inajengwa tangu muhula wa kwanza, na mtoto anayelala bila kula kule chuoni ndiye anayeikosa kwa pointi chache. Nafasi za ajira nazo hutoka kwa msimu, unaweza kusubiri. Sifichi hilo.

Kinachowatoa wengi njiani si akili, ni sisi nyumbani. Kijana akitaja uzamili tunamuuliza, "Utasoma mpaka lini?" Wadogo zake wanangoja ada, nyumba inangoja bati, na akiajiriwa Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara. Yupo binti wa kwetu, sitamtaja, aliyevuka hiyo 3.8 katika takwimu bima. Leo anaandika mikopo midogo dirishani, mshahara wake unasomesha wawili. Ni kazi halali na namheshimu kwa moyo wake. Lakini kila mwaka unaopita, milinganyo inasahaulika kidogo na wale walimu wa kumwandikia barua za utambulisho wanapata wanafunzi wengine wa kuwakumbuka.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Shahada ya uzamivu katika fani hizi, katika vyuo vingi vikubwa, hailipiwi na mzazi. Marekani, idara za utafiti wa uendeshaji kwa kawaida humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti kwa takriban miaka mitano, na wengi huingia bila hata kuwa na uzamili. Uholanzi, Sweden na Norway mwanafunzi wa uzamivu huwa mwajiriwa mwenye mshahara. Karibu zaidi, taasisi ya AIMS, iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na kufungua kituo Kigali mwaka 2016, imekuwa ikitoa uzamili wa hisabati kwa ufadhili wa masomo, malazi na chakula. Arusha tunayo Taasisi ya Nelson Mandela. Masharti ya viza hubadilika, hivyo mtu asitegemee nchi moja.

Kinachohitaji fedha ni kile kipande kabla ya kukubaliwa: ada za maombi, ambazo kwa vyuo vya Marekani mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125 kwa chuo kimoja, mitihani ya Kiingereza na ya kujipima, nakala za matokeo, pasipoti, viza, nauli ya kwanza. Na miezi ya kukaa bila kuila akiba ya familia. Kipande hicho ndicho kinachomshinda mtoto wa mkulima, na ndicho chama kinaweza kukibeba.

Mzee mmoja wa kamati aliniambia wiki iliyopita, "Mwanangu, tukimsomesha hivyo ataishia huko huko." Shikamoo mzee, hofu yako ina msingi. Wengine hawatarudi, na sitawaahidi uongo hapa mbele za watu. Ila mhadhiri aliyeko mbali bado anaweza kusimamia tasnifu ya mwanafunzi wa Dar es Salaam, na ipo jumuiya ya utafiti wa uendeshaji ya Afrika Mashariki, ORSEA, inayokutanisha wasomi wa vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere. Binti yule akibaki dirishani, hata hilo halitakuwepo.

Pendekezo langu ni hili. Mfuko utenge shilingi milioni 3 kwa kijana mmoja, vijana wawili kwa mwaka, kwa ajili ya kipande hicho tu. Awe amefikisha 3.8, awe na barua za walimu wawili, na fedha zilipwe moja kwa moja kwa anayedai, si mkononi. Akikubaliwa na kuanza kupokea posho, arudishe nusu kwa miaka mitatu ili wa baadaye apate. Risiti nitazikagua mwenyewe, bila malipo. Fungu la zahanati haliguswi, na ada za kidato cha tano na sita zinabaki zilivyo.

Hoja hii ni namba 7 kwenye ajenda ya mkutano mkuu kesho asubuhi. Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina: za kijani ni za zahanati, za njano ni za mfuko wa elimu. Nitakuwa karibu na meza hiyo mpaka chakula kiishe, na mwenye kijana aliyemaliza hisabati mwaka huu naomba anione kabla hajaondoka.