Noeli Imepita, Kazi Imebaki

Wapendwa wa Bujumbura, Uvira, Bukavu, Kigoma, na ninyi mlio mbali zaidi, nawasalimu kutoka hapa Cibitoke. Maneno haya niliyasema nimesimama mbele ya ndugu, nikaombwa niyaandike ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate. Basi ukisoma, jihesabu umekaa benchi la mbele.

Nianze na swali. Kwa nini kanisa linajaa siku ya Noeli, halafu mwezi wa kwanza mabenchi yanabaki wazi? Sababu unazijua. Noeli kuna sare mpya za kwaya, watoto wamependeza, wali na nyama vinanukia hata kwa jirani. Bonane ikipita, pesa imekwisha, minervali ya watoto inadaiwa, esansi haionekani, na moyo nao unapoa.

Siwasemi wengine. Nilikuwa mimi. Niliimba mkesha wa Noeli ya 2024 mpaka sauti ikakauka. Jumapili ya kwanza ya Januari nikabaki nyumbani, nikasema nimechoka. Ya pili nikasema mvua. Ya tatu sikutafuta hata sababu. Wiki saba zikapita. Sikumkana Bwana, hapana. Ila sikuona tena kazi yangu kanisani ni ipi, sherehe ikiisha.

Mwezi wa pili vita vikashuka bonde la Rusizi. Mnakumbuka: katika wiki chache watu zaidi ya 60,000 walivuka kutoka Kongo kuja Burundi. Wengi walilala uwanjani Rugombo, kule mkoani. Wengine walifika mpaka mitaani kwetu, kwa ndugu na jamaa.

Siku moja mama mjane wa kanisa letu akabisha hodi. Nikajua nimekamatwa, nitahubiriwa. Akasema, “Mwanangu, sikuja kukuuliza habari za ibada. Njoo unisaidie kubeba.” Alikuwa na unga wa muhogo, ndagala kidogo na vitenge viwili vya zamani. Tukaenda kwenye nyumba moja, chumba kimoja, watu tisa. Mama mgeni akatupokea, akashukuru, kisha akaniangalia mimi: “Dada, ninyi mnasali wapi?”

Nikajibu haraka, “Hapa hapa karibu.”

“Jumapili utapita unichukue?”

Yule mama mzee aliniangalia tu, akanyamaza. Jamani, ningesema nini? Nilikuwa nimemkaribisha mtu kwenye kanisa ambalo mwenyewe siendi!

Jumapili nikampitia. Wakati wa ushuhuda akasimama, akamshukuru Mungu kwa uhai wa watoto wake, na hapo hakujua mume wake yuko wapi. Mpaka leo hajapata habari zake. Mimi, mwenye nyumba na mume na watoto, kwa wiki saba nilikuwa nimekosa la kushukuru. Nililia pale benchini.

Tusome Luka 2 mpaka mwisho, tusiishie horini. Wachungaji wa kondoo walirudi kwenye mifugo yao, lakini walirudi wakimsifu Mungu. Ana alikuwa mjane mzee, hakuondoka hekaluni. Alipomwona mtoto akaanza kuwaambia wengine. Kisha soma Mathayo 2. Yesu huyo huyo anabebwa usiku kuvuka mpaka, mkimbizi kwenda Misri. Kwa hiyo anayekimbia leo tusimwone mgeni kwenye habari ya Noeli. Yumo ndani yake.

Na sisi wenyewe tulipataje Injili? Mwaka 1921 wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira. Mwaka 1935 kazi ikaanza Kiremba, kusini mwa Burundi. Injili ya Kipentekoste ilitufikia ikitokea ng’ambo. Leo wa ng’ambo wakija wana njaa, je, tutawafungia mlango?

Basi mpendwa, kama baada ya Noeli moyo wako umepoa, usingoje ujisikie vizuri ndipo urudi. Tafuta mtu mmoja wa kumpitia Jumapili. Mmoja tu. Kama huna unga, beba wa mwenzako. Na kama wewe ni mzee wa kanisa, usimgombeze aliyepotea wiki saba. Mpe kitu abebe. Mimi sikurudishwa na mahubiri. Nilirudishwa na mfuko wa unga.

Siku hizi kila Jumamosi tunatembelea nyumba mbili au tatu. Sare ya Noeli iko kwenye sanduku, lakini kazi ninayo mwaka mzima.

Mungu awabariki, awalinde mnapovuka mipaka. Amina.